Kinywaji Kisicho na Kizibo

Wifi yangu mkubwa alipiga simu Jumatano, wakati nachambua mchele uani. Alinisalimia vizuri mno, nikajua kuna jambo. "Jumamosi tutapita hapo saa nne, tunywe chai, tumwone mama. Usijisumbue wifi, chai tu." Kisha, kama mtu aliyesahau kitu kidogo, akaongeza kwamba wakati wa kurudi Nzega wangemchukua mama akapumzike.

Apumzike! Kwani kwangu hapa Ipuli alikuwa analima tumbaku? Mama mkwe wangu anaamka saa anayotaka, anaoga maji ya moto, anakaa barazani kwenye kiti chake cha kamba na kuwatukana kuku wa jirani mpaka jua linapanda. Kazi yake nyingine siijui. Lakini hayo sikuyasema kwenye simu. Nilisema, "Karibuni sana wifi," nikakata, nikarudi kwenye mchele wangu.

Nilijua wanakuja kufanya nini. Tangu mume wangu afariki, ukimwacha mama yake, hakuna mtu wa ukoo wake aliyekunywa hata maji nyumbani kwangu. Sasa walitaka kumwondoa mama yao kwenye nyumba wasiyothubutu kunywa maji yake, na akishatoka asingerudi tena. Mimi sina mtoto. Mume nimemzika. Yule bibi ndiye aliyebaki, na nilimpenda, nasema wazi, kuliko mama aliyenizaa, ambaye aliniacha kwa shangazi kabla sijajua kufunga kanga. Angeondoka, ningebaki na kuta.

Mume wangu alirudi kutoka kazini mchana wa jua kali, akasema kifua kinambana, akaomba maji ya ndimu. Nikamkamulia. Akanywa, akaweka bilauri mezani, akaanguka. Hospitali walisema ni moyo. Alikuwa na presha kwa miaka, vidonge anavimeza akikumbuka, na chumvi alikuwa anajimwagia mezani kabla hata hajaonja mboga. Nilimpigia kelele mpaka nikachoka. Lakini msibani watu hawakuuliza habari za presha. Waliuliza alikunywa nini mara ya mwisho, na alipewa na nani. Maji ya ndimu. Alipewa na mkewe. Na huyo mke kwao wapi? Ujiji, Kigoma.

Sisi wa mwisho wa reli tunajulikana nchi nzima kwa uganga, wakati wengi wetu tunachojua ni kukaanga dagaa. Siku naletwa ukweni, shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alisimama mbele ya watu na kikombe cha togwa niliyoikoroga mwenyewe, akapaza sauti: "Jamani, huyu ametoka mwisho wa reli! Mimi sinywi mpaka aonje kwanza, atoe sumu!" Watu wakavunjika mbavu. Nikamnyang'anya kikombe, nikanywa nusu, nikamwambia, "Haya kunywa. Ukifa nitakuzika kwa heshima zote." Kuonja kwanza ni desturi ya huku hata kwa asiyeshukiwa, mwenye nyumba anapiga funda lake, mgeni anafuata. Ila kwangu waliifanya mchezo, na mchezo ule ulidumu miaka yote ya ndoa yangu. Kila Krismasi, kila harusi, "Wa Kigoma, onja!" Na mimi naonja, narembua macho kama mganga, watoto wanapiga mayowe kwa kucheka.

Baada ya mazishi mchezo ukakoma. Kwenye arobaini walikuja na maji yao ya chupa. Walinipa pole huku wanatazama mikono yangu.

Rafiki yangu wa mtaa wa Cheyo aliposikia wanakuja, alinishauri kama dada. "Nunua kreti ya soda, mwenzangu. Unafungua mbele yao, kizibo kinalia, kila mtu anaona kwa macho yake. Yamekwisha." Hakukosea. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi hapa mji mzima, na wala hawasemi. Soda ya chupa mbele ya mgeni ni heshima, na pia ni kiapo. Lakini kwangu siku ile ingekuwa kukiri. Mwanamke aliyewakamulia watu ndimu maisha yake yote, leo anawafungulia vizibo, ya nini kama mkono wake ni safi? Nikamwambia sitaki. Watakunywa ndimu. Ileile, ya mti uleule.

"Una wazimu," akasema.

"Ninao," nikasema. "Niazime jagi lako la kioo."

Kinywaji chenyewe nilijifunza hotelini mjini, nilikopika mpaka miguu ilipoanza kuvimba. Wageni wa pale wengi walikuwa Wazungu wanaofuata njia ya zamani ya misafara. Wanakwenda Kwihara kutazama nyumba ya udongo alimokaa Mzungu mwenzao wa zamani, wanatazama miembe, wanaandika andika, kesho yake wanalala mpaka saa nne, kisha wanataka chai na chakula cha mchana kwa mpigo mmoja. Pombe asubuhi ile hawataki, soda wanasema tamu mno. Basi tulikuwa tunawatengenezea juisi ya machungwa na ndimu yenye gesi. Wanasifu, wanapiga picha bilauri.

Ijumaa nikaenda madukani Mtendeni kununua maji ya gesi, nikapitia sokoni kuchukua machungwa. Machungwa ya siku zile yalikuwa yale ya ganda gumu la kijani, ukiyatazama unayadharau, ukiyakata maji yanakurukia usoni. Asali nilikuwa nayo, ile nyeusi ya porini inayokwaruza koo. Ndimu nikachuma uani. Mti ule wifi mdogo alishauri msibani ukatwe. Alisema unaleta mbu.

Mama mkwe akaja kukaa nami jikoni, kwenye kigoda. Nilimwekea ndimu kwenye sinia, akawa anazivingirisha moja moja chini ya kiganja ili zilainike, zitoe maji yote. Mikono yake imepinda kwa baridi yabisi, lakini kazi ile aliipenda. Mimi nikawa naparuza maganda ya machungwa, ile kijani ya juu tu, maana ukifika kwenye nyeupe umejiletea uchungu. Maganda yale nikayachemsha na maji, asali na tangawizi iliyopondwa, nikaepua, nikaacha yapoe. Jiko zima likanukia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, nyumba yangu ilinuka kitu kingine zaidi ya kufungiwa.

"Ndiyo unawapa hii?" akauliza.

"Ndiyo, mayo." Mayo ni mama kwa Kinyamwezi, yeye ndiye aliyenifundisha lugha hiyo, kwa kunicheka.

"Ya ndimu."

"Ya ndimu."

Akavingirisha nyingine. "Una kichwa kigumu wewe."

"Nimekitoa kwako."

Akacheka kidogo puani. Mimi nikachukua kicheko kile kama baraka. Nikakamua, nikachuja kwa kitambaa cheupe, nikachanganya na asali iliyopoa, nikaweka kwenye friji. Maji ya gesi hayachanganywi mapema, yanakufa. Yanaingia mwisho kabisa, mezani, jagi umelilaza ubavu na unamimina polepole pembeni, maana gesi haitaki fujo. Nikapanga hivyo makusudi pia: chupa ya maji nitaifungua mbele yao. Kiasi hicho nilikubali kujishusha. Zaidi ya hapo, hapana.

Jumamosi walifika watu watatu, wifi mkubwa, wifi mdogo na shemeji aliyekuwa anaendesha. "Shikamoo wifi," nikamwambia mkubwa. "Marahaba," akajibu, akanipa ncha za vidole. Walimsalimia mama yao kwa kupiga magoti, wakamshikashika mashavu, wakasema amekonda. Amekonda! Bibi ana shingo kama ya mke wa mchungaji.

Meza niliipanga, Mungu ananiona. Chapati za kusukuma, supu ya kuku wa kienyeji, mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi mbivu, karanga za maganda zilizochemshwa na chumvi. Wifi mkubwa akaomba dua. Aliomba ulinzi dhidi ya kila hila ya adui, iliyo wazi na iliyofichika, ya mchana na ya usiku, mpaka chapati zikapoa. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Wakala mayai. Wakala ndizi. Wakamenya karanga, wakasifu karanga. Supu ikaganda mafuta juu kwenye bakuli na hakuna aliyeigusa. Mwanzoni nilidhani ni njia imewachosha. Halafu nikatazama sahani zao nikaelewa. Walikuwa wanakula vyenye maganda tu, vitu ambavyo Mungu mwenyewe alivifunga.

Basi nikainuka, nikaleta jagi. Nikafungua maji ya gesi mbele ya macho yao, nikamimina pembeni kama nilivyofundishwa. Sasa asali na tangawizi vikikutana na gesi vinatoa povu. Hotelini tulikuwa tunalipenda povu lile. Likapanda jeupe mpaka ukingoni, likawa linasemasema.

Wifi mdogo akarudisha kiti nyuma. "Mbona inachemka na iko baridi?"

"Ni gesi, wifi. Kama ya soda."

"Soda haitoi povu hivyo."

Nikamimina bilauri tano. Nikachukua yangu, nikanywa yote bila kupumua, nikaiweka juu chini kwenye sinia. Gesi ikanipanda puani, machozi yakanitoka, nikachukia kwamba wameyaona. Nilimtazama shemeji. Nilikuwa nangoja aseme, "Wa Kigoma ameonja," angalau kwa mzaha, angalau kwa sauti ndogo. Yeye ndiye aliyeanzisha. Akaanza kukagua funguo za gari.

Wifi mkubwa akatoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akaivunja kizibo. "Mimi nina vidonda vya tumbo. Mimi na ndimu hatupatani."

"Na mimi nimefunga," akasema mdogo.

Amefunga! Maganda ya mayai bado yako mbele yake na chumvi mdomoni. Yarabi, hapo nilishindwa. Nilibatizwa Kimoravian ili niolewe, lakini nikikasirika bado naongea Kiujiji.

"Semeni basi," nikawaambia. "Msinizungushe kama mtoto. Semeni hapa mbele ya mama. Mnadhani nilimwua?"

"Hakuna aliyesema hivyo, wifi," akasema mkubwa.

"Hakuna aliyesema. Na hakuna aliyekunywa!"

"Tusipandishe sauti. Mama, mfuko wako uko wapi? Tunaondoka."

 Yule bibi alikuwa anatazama povu likishuka kwenye bilauri yake. Akanyoosha mkono ule uliopinda, akaishika bilauri. Wifi mkubwa akaruka, "Mama, usi..." lakini ilikuwa imeshafika mdomoni. Alikunywa polepole, macho wazi, mpaka mwisho. Akacheua kwa gesi. Wote tulikuwa tumesimama isipokuwa yeye.

"Niongeze," akasema.

Nikamwongeza. Akanywa na hiyo. Shemeji, nadhani aibu ilimwingia, akanyoosha mkono achukue ya kwake. Mama akamchapa kiganja kama anamfukuza kuku. "Acha. Umechelewa. Sasa ni yangu yote." Akazivuta bilauri zile, na jagi, akaziweka mbele yake, akazizungushia mikono. "Ninyi mlikataa. Hamgusi tena. Nendeni mkalee watoto wenu. Mimi hapa ndipo alipofia mwanangu na hapa ndipo nitakapokaa, na mfuko wangu hautoki."

Walimbembeleza. Wifi mkubwa alilia, tena machozi ya kweli, akapiga magoti tena. Mama hakubadilika. Mwisho wakaondoka, shemeji akiniaga bila kunitazama, mdogo akisahau mtandio wake kitini. Gari lilipokata kona nilisimama mlangoni na moyo wangu unapiga vigelegele. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu mume wangu alipokuwa hai. Niliwaza jinsi alivyomchapa kiganja shemeji, nikacheka peke yangu kama mwehu. Alinitetea! Mbele ya watoto wake aliowazaa, alinitetea mimi!

Nilipoingia ndani alikuwa ameshainuka mwenyewe, ameshikilia ukuta, anaelekea chumbani. Akaniambia nimletee maji ya kunawa miguu na ile kanga yake mpya iliyo chini ya sanduku, ambayo hajaivaa. Nikafanya hivyo haraka, nikijua amechoka. Nilimwosha miguu, nikamkausha, akapanda kitandani akalala chali, akavuta kanga mpaka kifuani, akaweka mikono juu yake. Ilikuwa bado mchana, jua linaingia dirishani mpaka kwenye mto.

"Asante, mayo," nikamwambia. "Umenivua aibu. Sitasahau mpaka nakufa."

"Usinishukuru. Kaa."

Nikakaa pembeni ya kitanda.

"Ulimpa nini mwanangu siku ile?"

Sikumwelewa mara moja. Nilikuwa bado natabasamu, nakumbuka hivyo, tabasamu limebaki usoni kama kitu cha mtu mwingine. "Maji ya ndimu, mayo. Na sukari kidogo. Basi."

"Basi?"

"Basi. Wallahi."

 Hakuwa na hasira hata chembe. Alizungumza kwa sauti ileile anayoagizia ugoro.

"Mimi sijui," akasema. "Kila siku nakutazama na sijui. Asubuhi nakupenda, unanipa uji, nasema huyu ni mtoto wangu. Jioni nakuogopa. Nimechoka kukuogopa. Jana nilipoona unazikamua ndimu za mti ule, kwa mkono uleule, nikasema vizuri. Kama ipo, itakuwa humo, na kuonja kwako si kitu, dawa haimdhuru mwenye nayo. Nitakunywa nimfuate mwanangu. Na kama haipo, kesho nitaamka na nitakuwa nimejua."

 Nilitaka kumpigia kelele, kwamba mimi ndiye niliyemsafisha alipougua kuhara, mimi ndiye niliyemkata kucha. Nikauona tena mkono wake ulivyomchapa shemeji. Kumbe hakuwa ananitetea. Alikuwa anamwokoa mwanawe wa kiume aliyebaki, anawaondolea watoto wake bilauri za sumu, anazikusanya zote kifuani kwake ili anywe peke yake. Na jagi lilikuwa tupu. Alilimaliza wakati mimi niko mlangoni nacheka.

"Mayo, si ungeniuliza?" nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Miezi yote hii, si ungeniuliza tu?"

"Ungejibu nini?"

"Ningejibu hapana."

"Hata aliyeua angejibu hapana," akasema, na akafumba macho.

Kuku wa jirani walikuwa wamepanda barazani, wanadonoa chini ya kiti chake cha kamba, na hakukuwa na mtu wa kuwatukana. Nilijua atalala, atakoroma, alfajiri ataamka ataomba uji. Hilo nilikuwa na hakika nalo kama ninavyojua jina langu. Kesho angekuwa amejua, na mimi pia nimejua, na tungeendelea kuishi nyumba moja. Nilimshika mkono. Hakuuondoa, na wala hakunishika.